Orodha Ndani ya Kompyuta ya Baba

Kompyuta ya baba tuliiua wenyewe, siku ya matanga yake. Kwetu Malindi mtu akifa nyumba hutolewa vitu: viti, meza, kabati la vyombo, vyote huenda uani ili yatandikwe majamvi na watu wapate pa kukaa. Basi na kompyuta ikatolewa, na meza yake na kitambaa chake cha kufuma, ikawekwa chini ya bati karibu na pipa la maji. Bati lile linavuja tangu mimi sijatahiriwa. Mvua ya masika ilinyesha siku mbili mfululizo, na hakuna aliyeikumbuka mashine.

Siku ya nne, tulipokuwa tukirudisha vitu ndani, nikalichomeka sanduku lile kwenye umeme. Likapiga chafya moja, likatoa harufu ya kitu kilichoungua, likanyamaza. Nikawaka. Nikawaita binamu zangu wawili walioibeba ile meza, nikawauliza kama vichwani mwao mna ubongo au mna tui. Wakaendelea kubeba viti kwa adabu ya msiba. Mama akasema kutoka chumbani, kwa sauti ndogo ya mtu aliyelia mpaka akachoka, "Si wewe uliyesimama mlangoni ukisema toeni kila kitu?" Nikaenda uani kufunga bomba ambalo halikuwa wazi.

Niseme mapema kilichokuwa ndani yake, maana bila hicho sanduku lile lilikuwa la kuwapa watu wa vyuma chakavu. Baba alikuwa mwandishi wa barua. Watu wa mjini na wa mashamba walimjia na shida zao, naye akazigeuza kuwa maombi, malalamiko na hati za kiapo. Hayo ya watu yaliondoka na watu. Kilichobaki ndani ya mashine kilikuwa chetu: orodha ya marehemu wa ukoo, ile inayosomwa kila Shaabani kwenye hitima ya nyumbani, jina baada ya jina, watu wakiitikia dua.

Orodha hiyo zamani ilikuwa ya karatasi. Babu yake baba aliianza kwa hati za Kiarabu, wakaongeza waliofuata, ikakaa ndani ya kasha la misumari ya shaba chumbani mwa baba. Kaka yangu mkubwa aliliuza lile kasha. Wakati huo alikwisha kuzama kwenye unga, na teja huuza kwanza cha mama, kisha cha baba, kisha cha jirani. Baba alikuwa msikitini. Kasha likaenda kwa wachuuzi wa vitu vya kale wanaowauzia wageni, na orodha ikaenda nalo, kwa kuwa kaka hakufungua hata kutazama ndani. Baba alizunguka maduka yale wiki nzima. Mwishowe akakaa mbele ya kompyuta, akaanza kuwakumbuka wafu wake mmoja mmoja. Aliuliza wazee, akapiga simu Lamu na Mambrui, akachapa kwa vidole viwili. Kazi ile ilimchukua zaidi ya mwaka.

Kaka alifia kwenye chumba cha kupanga, mtaa wa Kisumu Ndogo, hapohapo Malindi. Baba alimwosha mwenyewe, akamswalia, akamzika. Lakini Shaabani ilipofika, jina lake halikusomwa. Mama alipouliza, baba alimwambia, "Namwombea kila sala. Lakini orodha aliyoitupa yeye, simtii ndani yake." Mama hakubishana. Aliuliza tena mwaka uliofuata, na uliofuata, kwa upole uleule, na jibu likawa lilelile.

Wiki mbili kabla ya kufa, mama akimkanda miguu, baba alisema, "Yule nimemtia." Hakuongeza neno, na mama akaogopa kumwuliza asije akalirudisha nyuma. Hakujua kama ni kweli au ni maneno ya mgonjwa anayetaka kumpoza mkewe. Sasa arubaini ya baba ilikuwa inakuja, na orodha ingesomwa, safari hii na jina la baba mwenyewe likiwemo. Mama alitaka jambo moja tu: ajue kama mumewe alimsamehe mwanawe kabla hajaondoka.

"Msinisomee ya kubuni," aliniambia. "Nataka ya babako."

Na hapa niseme langu. Mimi naishi Mtwapa, nina duka dogo la simu na vifaa vyake. Mwaka wote ule wa mwisho baba alikuwa akinipigia simu juu ya mashine ile. "Kila asubuhi nikiiwasha inaniambia haijui leo ni lini," alisema. "Inataka nibonyeze kitufe ndipo iendelee. Nabonyeza. Lakini mwanangu, mashine isiyojua siku, utaiamini vipi na barua za watu?" Kasoro niliijua papo hapo. Ndani ya kompyuta mna kibetri cha mviringo, ukubwa wa sarafu ya shilingi, kinachoishikia saa yake inapozimwa. Kikifa, mashine huamka kila mara ikidhani ni siku iliyotengenezwa. Vibetri vile vilikuwa vinaning'inia dukani kwangu nyuma ya kichwa changu, kadi nzima. Nikamwambia nitamletea Ijumaa.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema.

"Kawia ufike, baba," nikamjibu, naye akacheka. Zikapita Ijumaa nyingi, kila moja na udhuru wake, na siku niliyofika nilimkuta amefunikwa shuka.

Fundi niliyemleta ni wa hapo mjini, mtu wa makamo, mpole mpaka anakera. Kuipeleka mashine kwake hakukuwezekana. Mama aliwahi kusikia kwamba mafundi hubadilisha vitu vya ndani, na cha ndani ndicho alichokitaka. Kumwingiza fundi ndani nako kulikuwa na mushkeli, maana mama alikuwa amekaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki wala haonani na mwanamume wa kando. Tukaafikiana hivi: fundi afanyie kazi dakani, pale mbele ya mlango tunapopokea wageni, na mama akae ndani nyuma ya pazia. Haonekani, lakini anasikia.

"Shikamoo, mama," fundi akaliambia pazia.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo diski usinichezee."

Sikujua neno diski kalitoa wapi. Nilipokiondoa kile kitambaa cha kufuma, juu ya sanduku palikuwa na bisibisi mpya, ina karatasi ya dukani bado kwenye mpini wake. Nikadhani imesahauliwa na mmoja wa binamu zangu, nikawasonya kimoyomoyo, nikampa fundi aitumie.

Akafungua ubavu wa sanduku. Maji yalikuwa yameacha mstari ndani yake kama ule unaoachwa na maji ya bamvua ukutani, na chini ya mstari kila kitu kilikuwa na kutu ya kijani. Fundi akainama, akanusa. "Mashine yenu inanukia udi," akasema.

"Kila Alhamisi jioni nilikuwa nikiifukiza," pazia likajibu. "Kuna ubaya?"

"Hapana, mama. Ubaya ni wa maji."

Akanionyesha. Kilichokufa ni ile bodi kubwa ya chini ambayo mafundi huiita madabodi, inayobeba vingine vyote. Kila waya na kila kipande huchomekwa juu yake. Diski, ambayo ndiyo inayoshika maandishi, ilikuwa imefungwa juu, maji hayakuifikia. Nikamwambia basi aing'oe aichomeke kwenye mashine yake tumalize. Akatikisa kichwa. Diski ile ni ya zamani, ya utepe mpana, na mashine za siku hizi hazina mdomo wa kuipokea. Tena baba alikuwa ameyafunga maandishi kwa neno la siri ambalo diski yenyewe hulijaza ikiamkia ndani ya mashine ya aina yake, na sisi hatukulijua. Njia iliyo salama ni kutafuta bodi ndugu ya hii, aina ileile, tuibadilishe, na mashine iamke kama ilivyolala.

"Na ikikosekana?" nikauliza.

"Itafutwe kwanza."

Nikamwambia kama hawezi aseme, asinipotezee siku za marehemu. Akamalizia kahawa yake.

Nilitafuta Mtwapa, nikatafuta Kilifi. Wenye maduka waliitazama picha kwenye simu yangu wakacheka, mmoja akaniuliza kama nafungua jumba la makumbusho. Siku zilikuwa zinakwenda. Kila jioni mama alinipigia simu aulize, na kila jioni nilimjibu kwa ukali niliokuwa nimewawekea wale wenye maduka. Mwishowe fundi ndiye aliyekumbuka: kuna mwalimu mstaafu huko Adu, shule yao iliwahi kupewa kompyuta za aina ile, na zilipotupwa alichukua moja.

Nikamkuta mwalimu nyumbani kwake, katikati ya mahindi yaliyoanza kubeba. Sanduku lilikuwa sebuleni, limevishwa leso, na juu yake limewekwa redio. Nikamweleza mimi ni mwana wa nani. Akasimama kuniamkua upya.

"Babako ndiye aliyetuandikia barua ya kuziomba hizi kompyuta, mwenehu," akasema, yaani ndugu yetu kwa lugha yao. "Nilikaa pale kwenu barazani, akanisomea mara mbili kabla sijatia sahihi. Na barua ikajibiwa."

"Zikawafaa?"

"Umeme ulichelewa. Ulipofika, zilikuwa zimezeeka." Akaishusha redio, akaiweka chini sakafuni. Hakutaka chochote. Alisema tu nimpe mama pole, na nimwambie watu wa Adu hawajamsahau mzee.

Tuliibadilisha bodi siku ya thelathini na saba, asubuhi, dakani. Yule fundi ana namna yake ya kufanya kazi. Kabla ya kufungua skrubu ya kwanza alichora bodi kwenye karatasi, na kila skrubu iliyotoka aliilaza juu ya mchoro mahali ilipotoka. Kila waya aliufunga uzi wa rangi yake. Mimi nilikuwa nimekaa naye, namshikia sanduku, na nyuma yetu pazia halikunyamaza.

"Sasa anafanya nini?"

"Anang'oa bodi, mama."

"Diski iko wapi?"

"Iko mkononi mwangu."

"Ishike vizuri."

Alikuwa kama mwenye mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji, na mimi nilimjibu mkatomkato kama wauguzi wanavyojibu. Sasa naona aibu. Fundi akaivunja ile kutu kwa subira, akaitoa bodi ya baba, akailaza juu ya gazeti. Akaipachika ya Adu mahali pake. Akahamisha kile kijiwe cha kati ambacho ndicho akili ya mashine, akakipaka dawa ya kukipoza, nyeupe kama dawa ya meno, akakifunga feni yake. Akarudisha memori, akarudisha nyaya kwa kufuata nyuzi zake, akanyoosha mkono nimpe diski.

Halafu akasema, "Kibetri cha hii nacho kimekufa. Unacho?"

Ninacho. Safari hii nilikuwa nimekuja na kadi nzima mfukoni. Nikakitia mwenyewe, nikakisukuma kwa kidole gumba mpaka kikakaa. Kazi yote ilichukua muda wa kumeza mate.

Fundi akabonyeza swichi. Feni ikazunguka, ukasikika mlio mmoja mfupi, na skrini ikajaa rangi. Mashine haikuomba lolote, iliamka ilivyolala. Pazia lilisogea, nikaona vidole vya mama vimeshika pindo.

Jalada la "Marehemu" lilikuwa mbele kabisa. Ndani yake mlikuwa na orodha mbili. Moja baba aliiita "orodha mpya". Nyingine aliiita "orodha sahihi". Nikafungua ile mpya, nikashuka na majina, mababu na mabibi, watoto waliokufa wachanga, watu niliowazika mimi na watu niliowasikia tu. Na pale, chini ya bibi yetu, kabla ya shangazi, alikuwapo kaka yangu. Jina lake kamili, na la baba, na la babu. Machozi yalinitoka mbele ya fundi na sikujali.

Kisha nikafungua ile sahihi. Bibi, shangazi. Katikati hapakuwa na mtu.

Nikazifungua tena zote mbili, nikitafuta marehemu mwingine wa kunisaidia kupima. Zote zilikoma kwa shangazi, aliyekufa kabla ya Shaabani iliyopita. Basi ama baba aliichapa ile sahihi kwa ajili ya Shaabani, kisha akaandika mpya na kumtia mwanawe, kama alivyomwambia mama. Ama alimtia, akakaa, akajuta, akamtoa, na orodha isiyo na mwanawe akaiita sahihi. Nikamwuliza fundi ipi imeandikwa mwisho. Nilijitahidi kunong'ona.

Yeye hajui kunong'ona. Akabonyeza mahali, akasoma. "Zote tarehe mosi, mwezi wa kwanza, mwaka mmoja," akasema. Ulikuwa mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la sita. "Saa yake ilikuwa imekufa, kila ikiwashwa inaanza siku ileile. Ingekuwa na kibetri kizima tungejua siku na dakika. Sasa hapana mtu wa kujua."

Nilitafuta wa kumlaumu. Binamu zangu hawakuhusika, wala mvua, wala fundi, wala wale wenye maduka wa Kilifi. Kadi ya vibetri ilikuwa imenichoma paja kupitia mfukoni.

"Yumo?" mama akauliza nyuma ya pazia.

"Yumo, mama."

"Wapi?"

"Chini ya bibi. Kabla ya shangazi."

"Ndiyo ya mwisho aliyoiandika?"

Fundi akainamisha uso, akaanza kukusanya nyuzi zake, moja moja.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo ya mwisho."

Siku ya arubaini nyumba ilijaa. Safari hii nilisimama mwenyewe, nikahakikisha meza ya kompyuta haitoki chumbani. Orodha niliyoipiga chapa nilimkabidhi mwalimu wa madrasa, naye akasoma kwa sauti yake ya puani, bila haraka. Alipofika kwa bibi niligeukia upande wa wanawake. Akalisoma jina la kaka yangu kama alivyosoma mengine, watu wakaitikia kama walivyoitikia mengine, akaenda kwa shangazi, na mwisho kabisa kwa baba. Upande wa wanawake sikusikia kilio. Nilikuwa nimejiandaa kukisikia, na kutokisikia kukanitia hofu.

Kesho yake nikaingia kumuaga. Alikuwa kitandani, tasbihi mkononi, na nguo zake nyeupe za eda. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Niliposema tu, "Mama, ile orodha," akaniinulia kiganja.

"Pazia si ukuta," akasema. "Nilimsikia fundi."

Nikakaa chini kwenye mkeka. "Basi mbona uliniuliza?"

"Babako kama alinipa mwanangu, Mungu amlipe. Kama hakunipa, nilitaka anipe mtu mwingine wa nyumba hii. Umenipa. Sikuulizi tena."

Nilimbusu mkono, nikasimama. Nilihisi nimesamehewa, na kwa kweli nilikuwa na haraka ya kuondoka kabla hisia ile haijanitoka. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Ile bisibisi ya babako, fundi ameirudisha?"

"Bisibisi gani?"

"Mpya, iliyokuwa juu ya mashine. Aliinunua uliposema unakuja na kibetri, msije mkakosa cha kufungulia. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa akiitoa kwenye droo ya meza, akaiweka pale juu, akakaa barazani. Magharibi ikiingia anairudisha. Ijumaa yake ya mwisho hakuirudisha."

Ilikuwa dakani, juu ya ule mchoro wa fundi. Karatasi ya dukani tulikuwa tumeibandua sisi siku ile. Nikaichukua, nikaenda chumbani, nikaitia kwenye droo.